Mama Vumbi, fundi anayelinda magari ya bei mbaya kwa vumbi

Saa tatu kasoro robo asubuhi, miguu miwili yenye soksi za kijivu inatokeza kwenye mlango wa gari jekundu. Mwenye miguu amelala chali, kichwa kimezama chini ya dashibodi, tochi ndogo ameing'ata kwa meno. Viatu vyake vimepangwa juu ya gazeti kuukuu nje ya gari.

"Viatu hukwaruza," anasema bila kutoa tochi mdomoni, na sauti inatoka kama ya mtu aliyefunguliwa kinywa na daktari wa meno.

Mwenye gari, ambaye kweli ni daktari wa meno, anacheka peke yake. Sauti hiyo anaijua.

Gari lenyewe ni la spoti, la watu wawili, na limekaa chini kiasi kwamba ukitaka kuingia inabidi kwanza uamue utatokaje. Limekaa ndani ya kontena siku arobaini na moja likivuka bahari. Sasa limesimama kwenye yadi ya magari, mbele ya ukuta wa mabati, katikati ya pikapu na magari ya kubebea familia, kama bwana harusi aliyepotea njia akaingia sokoni.

Haliruhusiwi kutoka hapo bado. Daktari amekuwa akija kulitazama kila siku baada ya kazi, kama ndugu wa mgonjwa anayesubiri saa ya kuona wagonjwa.

"Gari la namna hii hapa hakuna la pili," anasema. "Likiibwa usiku, asubuhi limeshakuwa vipande. Taa yake moja tu ni bei ya gari zima la mtu. Siwezi kulitia barabarani bila bima."

Kampuni ya bima nayo ina masharti yake. Ili ikubali kulikatia bima kubwa, ile inayolipa hata gari likiibwa, namba ya chesi lazima ilingane na karatasi za meli. Lazima kuwe na swichi ya siri inayokata umeme. Na lazima gari libebe kifaa cha kufuatilia mwendo wake, kidogo kama kiberiti, kinachotuma habari ya mahali lilipo hata likiwa limezimwa.

Kifaa hicho hununuliwa dukani na yeyote. Kukificha ndiyo kazi, na kazi hiyo ndiyo inayomlisha mwanamke huyu wa miaka arobaini na miwili ambaye gereji zote za jirani zinamwita Mama Vumbi.

"Watu wanadhani mimi ni fundi wa umeme," anasema akijitoa chini ya dashibodi na kuketi. "Umeme ni robo ya kazi. Robo tatu ni kuficha."

Daktari anajisogeza karibu, anashusha sauti. "Fundi, mimi niambie tu unakiweka wapi. Mimi siwezi kuliiba gari langu mwenyewe."

"Daktari, ukimng'oa mtu jino, unampa yeye koleo ashike?"

"Hapana."

"Haya basi."

Sababu yake ni nyepesi, na anaieleza bila mzaha. Mwenye gari akiwekewa kisu shingoni, atasema hata lile ambalo hakuulizwa. Asilolijua halisemi. Mahali pa kifaa panaandikwa kwenye karatasi moja, karatasi inaingia kwenye bahasha ya lakiri, bahasha inakaa kwenye sefu ya kampuni. Inafunguliwa tu gari likipotea. Kwa sababu hiyo hiyo, gazeti hili nalo halitapataja.

Mama Vumbi ni binti wa fundi wa saa. Baba yake alikaa miaka arobaini nyuma ya kimeza chenye kioo, lenzi jichoni, akifufua saa za watu. Leo macho yameshamwacha, lakini bado wanaishi pamoja katika vyumba viwili nyuma ya duka la rangi, yeye, bintiye na wajukuu wawili wa kike. Mume wa Mama Vumbi ni dereva wa malori ya masafa marefu.

"Yupo nyumbani siku tisa kwa mwezi," anasema mkewe, "na zote tisa anakoroma."

Kwa baba yake alijifunza mambo mawili: mikono isiyotetemeka, na usafi. Mzee alikuwa akisema kwamba saa haivumilii hata punje ya vumbi, na fundi mchafu ni mwizi anayelipwa. Binti akashika maneno hayo kwa mikono miwili. Na maneno hayo ndiyo yaliyomwangusha.

Miaka mitatu iliyopita alificha kifaa ndani ya gari la mwalimu mkuu mstaafu. Kazi ilikuwa safi, na alipomaliza alifuta kila alipogusa kwa kitambaa chenye spiriti, kama alivyofundishwa. Miezi miwili baadaye gari likaibwa. Kompyuta ya kampuni ikaonyesha lilipo, polisi wakaenda mbio, wakafika kwenye mtaro wa maji machafu.

"Kifaa kilikuwa kinafanya kazi vizuri kabisa," anasema. "Kilikuwa kinatuonyesha mtaro."

Mmoja wa wezi alikamatwa kwa kosa jingine, akaulizwa walikipataje. Jibu lake Mama Vumbi alilisikia kwa masikio yake, akiwa amesimama kwenye kaunta ya kituo: "Tulifungua kila mahali tukatafuta pasafi."

Gari lote lilikuwa na vumbi la miaka sita, isipokuwa sehemu moja yenye ukubwa wa kiganja, iliyokuwa inang'aa kama sahani.

Bima ilimlipa mwalimu. "Lakini lile gari alilinunua na marehemu mumewe," anasema Mama Vumbi. "Hilo hakuna bima inayolilipa."

Kampuni ikamnyang'anya muhuri wa kugongea vyeti vya bima. Tangu siku hiyo anafanya kazi kwa jina la fundi mwingine mwenye muhuri, ambaye hugonga cheti na kuchukua sehemu mbili kati ya tatu za malipo. Mama Vumbi hufunga vifaa kwenye magari kama kumi na manne kwa mwezi. Sehemu yake inatosha kodi ya vyumba na ada ya binti mmoja. "Wa pili anasomeshwa na malori."

Ndipo alipoanza kutembea na kopo. Ni kopo la maziwa ya unga, ndani yake kuna vumbi jekundu lililochekechwa kwa kitambaa. Akimaliza kuficha kifaa, hunyunyiza kidogo juu yake kwa brashi ya rangi ya macho, akapuliza, akanyunyiza tena, mpaka pafanane na pengine. Gereji nzima ilimcheka kwa wiki mbili, kisha ikampa jina.

Fundi aliyepoteza muhuri hupewa nafasi mbili za kujaribiwa ili arudishiwe. Anaficha kifaa kwenye gari la mteja, mkaguzi wa kampuni anapewa saa moja kukitafuta. Akikipata, fundi amefeli. Nafasi ya kwanza Mama Vumbi aliitumia mwaka jana kwenye pikapu. Mkaguzi alikipata kwa dakika kumi na tisa, kwa kunusa. Gundi ilikuwa mbichi.

Leo ni nafasi ya pili, na hakuna ya tatu. Akifeli, ataandika kazi zake kwa jina la mtu mwingine mpaka astaafu.

Mkaguzi huyo kabla ya kuajiriwa alikaa miaka ishirini akivunja magari mabovu na kuuza vipande. Hakuna uwazi ndani ya gari asioujua. Wanamwita Pua. Atafika saa sita kamili.

Kwa hiyo leo hakuna gundi. Kuna utepe wa kitambaa uliobanduliwa kutoka kwenye nyaya za gari bovu la kiwanda hicho hicho, maana utepe mpya hung'aa na hunuka. Kuna skrubu zilezile za gari, zinazorudishwa kila moja kwenye tundu lake. Na kuna tatizo la nafasi.

"Gari la kawaida lina sehemu kama arobaini za kuficha," anaeleza. "Hili hata kumi na moja hazifiki. Wazungu wamelibana kama sanduku la mtu anayehama."

Saa nne na nusu kifaa kimeshakaa mahali pake na swichi imeshaunganishwa. Mama Vumbi anafungua kopo, anachovya brashi, ananyunyiza. Anachukua tochi kuangalia kazi yake.

Halafu anaisogeza tochi karibu zaidi.

"Mungu wangu," anasema. "Nimefanya nini?"

Daktari anainama kuchungulia, anafukuzwa kwa mkono. Lakini tatizo si siri, na Mama Vumbi analisema mwenyewe kwa sauti. Vumbi lililomo ndani ya mwili wa gari hili ni la kijivu, laini kama majivu ya sigara. Ni vumbi la barabara za huko lilikotoka. Lake ni jekundu. Juu ya lile la kijivu, limekaa kama pilipili iliyomwagika kwenye unga.

"Miaka mitatu nanyunyiza magari yaliyokwisha kutembea hapa miaka na miaka," anasema. "Hili halijatembea hata mita mia. Nimelipaka vumbi la wenyeji gari geni! Pua ataliona akiwa bado getini."

Kuondoa vumbi jekundu kunamchukua dakika hamsini. Hawezi kupangusa kwa maji, yataacha mchirizi. Anatumia kipulizio cha mpira alichorithi kwenye kimeza cha saa, pumzi moja moja, na brashi kavu. Linapokwisha, pamebaki pasafi. Pasafi kiasi cha kiganja. Anapatazama kwa chuki.

Sasa anahitaji vumbi la kijivu, kijiko kimoja tu, na akilichota hapo kando atazidisha pasafi. Anainua kapeti. Hakuna kitu. Anachungulia kwenye reli za viti. Zinang'aa. Buti ya nyuma imesuguliwa mpaka pembeni.

"Daktari, hili gari limeoshwa?"

"Jana!" Daktari anajibu kwa furaha. "Ndani na nje. Nimewaambia vijana wa yadi wasibakize hata punje. Mara mbili."

"Mara mbili."

"Vibaya?"

"Daktari, wewe ni mtu mzuri sana," anasema Mama Vumbi, "na leo umenichimbia kaburi."

Mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi upo, lakini umechanganya taka za magari ishirini. Saa inasema tano na dakika thelathini na nne. Mama Vumbi anaketi chini, mgongo umeegemea gurudumu, anafumba macho.

"Gari linavuta pumzi wapi?" anajiuliza mwenyewe kwa sauti ndogo. Kisha anainuka haraka hata anagonga kiwiko mlangoni.

Nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria kuna chujio la hewa, lile linalosafisha upepo unaoingia ndani. Muosha magari hafiki huko. Analichomoa. Limejaa, la kijivu, nene kama blanketi la jeshi. Miaka miwili ya hewa ya ng'ambo imekaa humo. Anatandaza gazeti, analigonga mara tatu kwa kiganja, na vumbi linashuka taratibu kama unga.

"Vijiko viwili!" anasema. "Tumepata na chenji."

Ananyunyiza, anapuliza, ananyunyiza. Anarudisha chujio, anafunga kisanduku, anavaa viatu. Saa sita kasoro dakika mbili.

Pua anaingia getini akiwa na mkoba mmoja na uso wa mtu asiyejua kuchelewa. Ni mwanamume mrefu, mkimya, na kweli pua yake si haba.

"Shikamoo, kaka mkubwa," Mama Vumbi anamwamkia.

"Marahaba, dada. Umekuja na gundi leo?"

"Gundi nimeiachia mafundi viatu."

"Tutaona." Anapiga simu ofisini, mwanamke wa upande wa pili anathibitisha kwamba kifaa kinaonekana kwenye ramani. Pua anavua saa ya mkononi, anaiweka juu ya paa la gari, anaanza.

Ni mtu wa kutazama kwa furaha kama si wewe unayetafutwa. Haharakishi. Anagonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ananusa matundu ya hewa. Anapapasa nyaya akiwa amefumba macho. Dakika ya kumi na mbili amemaliza chini ya boneti. Dakika ya ishirini na sita amefungua upande wa dereva na kuufunga, kila skrubu mahali pake.

Dakika ya thelathini na tatu anafungua paneli ambayo hatutaitaja.

Mama Vumbi anatazama ukuta wa mabati. Daktari, ambaye hajui chochote, anamtazama Mama Vumbi, na uso wake unaanza kujua. "Daktari, angalia mawingu," anamwambia kwa pembe ya mdomo. Daktari anatii, ingawa mbingu ni nyeupe hakuna hata wingu moja.

Pua anaingiza tochi. Anapitisha kidole. Anakitoa, anakitazama kwenye mwanga. Kidole ni cha kijivu. Anakifuta kwenye suruali, anafunga paneli.

Hapo mtu angesema kazi imekwisha. Lakini dakika ya arobaini na moja Pua anafungua kisanduku cha mbele ya abiria, anachomoa chujio, na kwa mara ya kwanza tangu afike anatabasamu.

"Dada," anasema. "Hili limegongwa leo."

Mama Vumbi anafumba macho. Vumbi lililotoka kwenye chujio limeacha mabaka meupe mahali alipoligonga. Kosa lile lile la mwalimu mkuu, usafi wa ghafla, amelirudia kwa mkono wake mwenyewe.

Pua sasa ni mbwa aliyepata mnofu. Anafungua kisanduku chote. Anachomoa feni. Anaingiza mkono mpaka begani, jasho linamtoka, shati linashika grisi. Anajua kiko humo. Pasafi ndipo penye kitu. Hiyo ndiyo kanuni, na kanuni hiyo haijawahi kumdanganya.

Isipokuwa hakimo humo.

Mlio unatoka kwenye saa iliyo juu ya paa. Dakika sitini zimekwisha, na Pua bado mkono uko ndani, shavu limelala kwenye kapeti.

"Kiko hapa," anasema bila kuinuka.

"Hakipo, kaka."

"Chujio umeligonga kwa nini?"

"Nilikuwa natafuta vumbi."

Pua anajitoa polepole, anaketi kwenye kizingiti cha mlango. Anajifuta jasho kwa mkono wa shati. "Ulinitegea?"

Mama Vumbi angeweza kusema ndiyo. Daktari alikuwa anamkonyeza aseme ndiyo. Baadaye anakiri kwamba neno lilishafika kwenye ulimi.

"Hapana," anasema. "Nilisahau kulipaka. Ningekumbuka, ungekuwa na dakika ishirini za kutafuta kwingine, na sijui ingekuwaje."

Pua anaweka tochi chini. Kisha anaanza kucheka, kicheko cha kifuani kisichofanana na uso wake, mpaka anashika mbavu. "Mimi na wezi wako tumesoma shule moja," anasema. "Wote tunatafuta pasafi." Anatoa fomu kwenye mkoba. Penye nafasi ya maelezo anaandika mstari mmoja, anausoma kwa sauti: "Kifaa hakikupatikana ndani ya muda. Fundi ni mkweli." Anasaini.

"Hiyo ya ukweli ni ya lazima?" daktari anauliza.

"Huyu anajua mahali pa siri za magari ya watu," Pua anajibu. "Wewe ungemwachia mwongo?"

Muhuri utatoka ofisini Jumatatu, na kuanzia siku hiyo cheti cha kila gari kitabeba jina lake na sehemu zote tatu za malipo zitakuja mkononi mwake. Gari la daktari, bima ikiwa imeshakatwa kwa fomu ya Pua, linaondoka saa nane, polepole, likinguruma kwa hasira ya kupewa mwendo mdogo. Daktari anapunga mkono dirishani kama aliyechaguliwa ubunge.

Jioni, nyuma ya duka la rangi, mzee ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango. Anasikia hatua za bintiye na kuzihesabu kabla hajafika.

"Umefaulu," anasema.

"Nani amekwambia?"

"Umepanda ngazi mbili mbili."

Mama Vumbi anacheka, anamwekea kitu mapajani. Ni katoni, na ndani yake kuna machujio sita makuukuu ya magari, meusi kwa uchafu, ambayo yadi ilikuwa inakwenda kuyatupa. Mzee anapapasa moja, ananusa vidole, anakunja uso.

"Hii takataka ya nini, mwanangu?"

"Vumbi, baba. Kila moja limetoka nchi yake." Ameshaongea na mtu wa yadi: kila gari linaloshuka melini na kubadilishwa chujio, la zamani aachiwe yeye. Wiki ijayo kuna magari manne, mawili yametoka nchi ya baridi, mawili ya jangwani. Atayagonga machujio, atalichekecha vumbi la kila moja, atalitia kwenye chupa yake, ataandika ubavuni limetoka wapi. Anataka rafu nzima. Akishapata chumba chake cha kazi chenye mlango unaofungika, rafu hiyo ndiyo itakuwa ya kwanza kupigwa msumari.

"Gari lolote litakaloletwa, kutoka popote duniani, nilipake la kwao," anasema. "Asiwepo mtu wa kuniambia huyu ni mgeni."

Mzee anafikiri. Miaka arobaini alipigana na vumbi kwa brashi na pumzi.

"Na wajukuu nitawaambiaje?" anauliza. "Nyumba nzima wafagie, rafu moja wasiiguse?"

"Ndivyo hivyo hivyo, baba."

Mzee anatikisa kichwa. Kisha anainua chujio karibu na sikio, kama alivyokuwa akifanya kwa saa zilizokufa, na kuuliza hili la mkononi mwake limetoka nchi gani.